Terry-Thomas: Mwanya ulioichekesha dunia, mkono uliotetemeka

Kwetu Pwani mwanya ni pambo. Binti akitabasamu ukaonekana upenyo katikati ya meno ya mbele, mabibi husema huyo kapewa na Mola, na washairi wetu wameusifu mwanya tangu enzi za wahenga. Hakuna mama wa Kiswahili atakayempeleka mwanawe hospitali eti akazibwe mwanya.

Kwa Waingereza mambo ni mengine. Kwao meno ya namna hiyo ni dosari, na mwenye uwezo hukimbilia kwa daktari wa meno arekebishwe. Lakini alitokea Mwingereza mmoja aliyekataa kuuona mwanya wake kama dosari. Aliufanya alama ya biashara, ukamlisha na ukamvisha, ukamfikisha Hollywood. Jina lake ni Terry-Thomas.

Vijana wa leo ukiwatajia mchekeshaji wa Kiingereza watakwambia Mister Bean. Hawana makosa, huyo ndiye waliyekua naye. Ila kabla ya Mister Bean palikuwa na wakongwe, na Terry-Thomas ni katika waliotamba kweli. Nimeona leo tumzungumze kwa sababu mbili. Ya kwanza, maisha yake yana raha ya kusimulia. Ya pili, mwisho wake una somo ambalo sisi huku Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale hatujalishika bado.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1911 katika kitongoji cha Finchley, kaskazini mwa London. Jina aliloitwa na wazazi ni Thomas Terry Hoar-Stevens. Baba yake alikuwa mfanyabiashara katika soko kuu la nyama la Smithfield. Hakuwa mwana wa lodi, wala hakurithi kasri. Alikuwa mtoto wa mtu wa sokoni, basi.

Nyumbani hapakuwa na amani. Baba na mama hawakuelewana, na mtoto alijifunza mapema kwamba akifanya vituko, akaiga sauti za watu na kucheza, ugomvi hutulia kidogo. Ndoa ile haikusalimika, wazazi waliachana. Lakini wapo watoto wengi ambao kipaji chao huanzia hapo, katika kutafuta namna ya kuwachekesha wakubwa wasigombane. Ukimwona mtoto wako ni mchekeshaji kupita kiasi, usifurahi tu, muulize pia moyo wake ukoje.

Kijana huyu alipenda mavazi na matamshi ya wakubwa. Aliwatazama waigizaji wa jukwaani waliosema Kiingereza cha mabwana, hasa mmoja aliyeitwa Owen Nares, akaiga namna yake ya kutamka mpaka ikawa yake. Alisomea shule ya bweni ya Ardingly huko Sussex, kisha akaajiriwa karani pale pale Smithfield, katika kampuni ya kuhifadhi nyama kwenye baridi. Hebu fikiria: soko limejaa damu na mifupa, wachukuzi wanapiga kelele, na katikati yao anapita karani kavaa suti iliyopigwa pasi na ua kifuani. Walimcheka, naye akafurahi kuchekwa.

Ukarani haukumweka. Alifundisha dansi, akawa mmoja wa wale watu wanaojazia umati katika filamu, wale usiowajua jina. Mara yake ya kwanza kulipwa jukwaani ilikuwa mwaka 1930, katika tafrija ya wafanyakazi wa reli za umeme, na hadhira haikumpa heshima. Mwaka 1938 alimwoa mcheza dansi kutoka Afrika Kusini, Ida Patlanski, wakawa wanacheza pamoja kwenye kumbi za starehe.

Jina nalo lilimsumbua. Alianza kwa kujiita Thomas Stevens. Akaligeuza likasomeka kinyumenyume, Mot Snevets, na bila shaka halikumfikisha popote. Akaja na Thomas Terry, lakini watu wakadhani ni wa ukoo wa Ellen Terry, mwigizaji mkubwa wa zama zile, naye hakutaka kula kwa jina la wengine. Mwishowe akaligeuza: Terry Thomas. Baada ya vita akaongeza kistari katikati ya majina mawili, akiwatania watu kuwa kile kistari ndio ule mwanya wa meno yake. Mwanya sasa ukawa umeingia mpaka kwenye jina.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta mtu wa makamo kidogo, asiye maarufu. Aliingia jeshini katika kikosi cha mawasiliano, na kutoka hapo akachukuliwa katika kundi la askari waliokuwa wakiwaburudisha wenzao. Huko ndiko alikotunga kichekesho kilichomtoa. Ni mtangazaji wa redio ya BBC ambaye muda wa kupiga santuri umefika na santuri hazionekani. Afanye nini? Anaziimba mwenyewe moja moja, sauti ya mwanamume, sauti ya mwanamke, kwaya nzima, huku akijitahidi kubaki na adabu ya mtangazaji wa serikali. Mwaka 1946 alikuwa akikionyesha kichekesho hicho katika ukumbi wa Prince of Wales, London, na mwaka huo huo akasimama mbele ya familia ya kifalme.

Mwaka 1949 BBC ilimpa kipindi chake cha televisheni, kinachohesabiwa kuwa mfululizo wa kwanza wa vichekesho katika televisheni ya Uingereza. Kilianza kwa kamera kuusogelea ule mwanya mpaka ukajaa kioo, kisha ikarudi nyuma polepole, uso mzima ukatokea. Sisi tuliolelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani tunajua raha ya kumngojea mtu mmoja kila wiki ukijua atakuchekesha. Yeye ndiye aliyewaonjesha Waingereza raha hiyo mwanzo.

Lakini jina lake halikusimama kwa televisheni, lilisimama kwa sinema, na sinema ilimchelewesha. Mpaka mwaka 1956 alipopata sehemu iliyomfaa alikuwa anakaribia miaka 45. Mwaka huo aliigiza katika Private's Progress, filamu ya ndugu wawili wa Boulting waliopenda kuikejeli nchi yao. Alikuwa Meja Hitchcock, ofisa wa jeshi anayewadharau askari wake kwa uvivu, na huku mwenyewe ametoroka kazini kwenda kutazama sinema, ambako anawakuta askari wale wale. Sehemu yenyewe fupi. Alipotoka nayo alikuwa nyota.

Tangu hapo akawa na mhusika wake. Kwa Kiswahili chetu mtu huyo tungemwita ayari. Nguo safi, masharubu yamechongwa, sigara kwenye kijiti kirefu, maneno yamepambwa kama mhashamu, na ndani hana hata chembe ya uaminifu. Atakukopa asilipe. Atakunyang'anya mchumba huku akikupigapiga begani. Akishindwa, anashindwa kwa kishindo, na hapo ndipo watu huvunjika mbavu.

Katika School for Scoundrels ya mwaka 1960 ayari huyo yumo kamili. Kijana mmoja mpole, aliyeigizwa na Ian Carmichael, anaonewa na kila mtu, na anayemzidi kwa binti anayempenda ni Terry-Thomas, mwenye gari zuri na ulimi mtamu. Kijana anaenda kujiunga na chuo kinachofundisha ujanja wa maisha, mwalimu wake mkuu akiwa mkongwe Alastair Sim. Anaporudi, kibao kinageuka. Kuna mchezo wa tenisi humo, wa kwanza ayari anashinda kwa kejeli, wa pili anashindwa mpaka huruma inakuingia. Uso wake ule unavyobadilika, kutoka majivuno kwenda wasiwasi kwenda hasira ya mtoto mdogo, ndio ufundi wenyewe. Mwigizaji asiyejua kazi angekufanya umchukie. Yeye anakufanya umcheke, na mwisho unamhurumia.

Filamu moja ingefaa kuangaliwa na watu wa Pwani hasa, ni Carlton-Browne of the F.O. ya mwaka 1959. Humo Terry-Thomas ni ofisa mzembe wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, amepewa meza ya makoloni yaliyosahauliwa. Kuna kisiwa kimoja cha kubuni ambacho London ilishakisahau kabisa, mpaka iliposikika kuwa kuna madini. Ghafla kila dola inakipenda kisiwa. Peter Sellers yumo kama waziri mkuu mla rushwa. Na suluhisho la mabwana wakubwa ni lipi? Kukigawa kisiwa mapande mawili kwa kuchora mstari.

Filamu ile ilitoka wakati sisi huku bado tuko chini ya bendera yao. Miaka minne baadaye, Oktoba 1963, ndipo ilipotiwa saini hati ya kuuacha ukanda wa Mwambao wa maili kumi ubaki na Kenya, ukanda ambao Uingereza iliusimamia tangu 1895 kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Wazee wetu waliishi ndani ya mistari iliyochorwa na watu waliokaa mbali. Kwa hivyo Mwingereza alipomcheka ofisa wa Kiingereza asiyejua hata kisiwa chenyewe kiko wapi, alikuwa anasema jambo ambalo wazee wetu walilijua bila ya kwenda sinema.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa Terry-Thomas. Uingereza ya wakati ule ilimpima mtu kwa matamshi na koti, na huyu mwana wa Smithfield akaivaa sauti ya mabwana, akawaonyesha watu kuwa sauti hiyo hujifunza mtu yeyote na ndani yake anaweza kujificha tapeli. Sisi Waswahili tuna neno uungwana, na tunajua wako waliouvaa kama joho, kanzu ya darizi na bakora mkononi, na huku deni la duka hawalipi. Uungwana ni vitendo. Terry-Thomas aliwapa Waingereza somo hilo kwa kicheko.

Marekani ikamwita. Mwaka 1963 alikuwemo katika It's a Mad, Mad, Mad, Mad World ya Stanley Kramer, kundi la watu wenye tamaa wakikimbizana jangwani na barabarani kutafuta dola 350,000 zilizofukiwa. Alikuwa kanali wa Kiingereza anayekusanya mimea ya jangwani na kugombana na Wamarekani juu ya mila zao. Mwaka 1965 alikuwa mtumishi wa nyumbani wa Jack Lemmon katika How to Murder Your Wife. Mwaka huo huo ikaja Those Magnificent Men in Their Flying Machines, kisa cha mashindano ya ndege kutoka London hadi Paris mwaka 1910, yeye akiwa Sir Percy, mshiriki anayetaka kushinda kwa kuziharibu ndege za wenzake.

Mwaka 1966 alivuka kwenda Ufaransa. Filamu ya La Grande Vadrouille ni ya Waingereza watatu wa jeshi la anga wanaodunguliwa juu ya Paris iliyotekwa na Wajerumani, na Wafaransa wawili wasiopenda matatizo wanaolazimika kuwasaidia kutoroka. Wafaransa hao ni Bourvil na Louis de Funès, na Mwingereza mkuu ni Terry-Thomas na masharubu yake, wakitafutana ndani ya hamamu la Kituruki katikati ya mvuke, hakuna anayemjua mwenzake. Tiketi zaidi ya milioni 17 ziliuzwa Ufaransa, na kwa miongo minne haikutokea filamu nyingine ya Kifaransa iliyoipita nyumbani kwake.

Hata watoto walimpata. Katika katuni ya Disney ya Robin Hood, mwaka 1973, yule nyoka mshauri wa mfalme dhalimu ni sauti yake. Wachoraji hawakusahau, walimpa nyoka mwanya.

Kufikia hapo alikuwa tajiri. Aliachana na Ida, akamwoa Belinda Cunningham mwaka 1963, wakajaaliwa watoto wawili wa kiume. Alijijengea nyumba katika kisiwa cha Ibiza, Uhispania. Ukimtazama kwa nje ungesema huyu hana la kutaka tena. Lakini wahenga walishasema, hujafa hujaumbika.

Mwaka 1971 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Nataka tutue hapa kidogo kwa sababu ugonjwa huu uko majumbani mwetu na hatuuiti kwa jina lake. Ni ugonjwa wa ubongo. Chembechembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo, na mwili hupoteza utaratibu wake. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia. Viungo hukakamaa. Hatua huwa fupi fupi, sauti hufifia, na uso huganda usionyeshe furaha wala huzuni. Dawa zipo za kuupunguza makali, za kuuondoa kabisa hazipo. Muhammad Ali, ambaye kila Muislamu wa Pwani anamjua, aligunduliwa nao mwaka 1984 akaishi nao mpaka alipofariki 2016.

Sasa pima mtihani wa Terry-Thomas. Mali yake ilikuwa uso, sauti na miondoko. Ugonjwa ulikuja kuchukua vitu hivyo hivyo vitatu. Mwanzoni alificha, kwani mtayarishaji akijua unatetemeka hakupi kazi. Aliendelea na sehemu ndogo ndogo, na mwaka 1977 akautangazia ulimwengu maradhi yake, akasaidia kuchangisha pesa za utafiti. Katika filamu zake za mwisho mabadiliko yanaonekana. Halafu simu zikaacha kulia.

Matibabu hayangoji mtu apate kazi. Akiba ikaliwa mwaka hadi mwaka. Nyumba ya Ibiza ikauzwa. Ida, mke wa kwanza, alifariki mwaka 1983, na katika wasia wake alimwachia kijumba chake. Mtalaka anamkumbuka aliyeachana naye, mimi hapo humwona Ida kuwa muungwana kuliko mabwana wote wa zile filamu. Kijumba nacho hakikutosha. Mwaka 1987 Terry-Thomas na Belinda walirudi Uingereza, wakahama hama nyumba za kupanga, wakaishia katika fleti ya msaada ya vyumba vitatu huko Barnes, London, haina samani za maana. Walisaidiwa na mfuko wa hisani wa waigizaji, na Belinda ndiye aliyekuwa akimuuguza.

Mwishoni mwa 1988 na mwanzoni mwa 1989 habari zikaanza kutoka. Wasanii wenzake walimtembelea, akiwemo Richard Briers, mwigizaji wa ukoo wake, na magazeti yakachapisha picha. Taifa likashtuka. Yule bwana wa kijiti cha sigara na fulana za hariri ni mzee aliyekonda, amekaa kitini, hawezi kusema vizuri.

Hapo ndipo wenzake walipoinuka. Mwigizaji Jack Douglas na Richard Hope-Hawkins waliandaa tamasha katika ukumbi wa Theatre Royal Drury Lane, tarehe 9 Aprili 1989. Wasanii zaidi ya mia walijitokeza bila ya malipo. Mwanamuziki Phil Collins alikuwa kinara, na Michael Caine akawa mwenyekiti wa shughuli. Onyesho lilichukua takriban saa tano. Zilipatikana zaidi ya pauni 75,000, nyingine zikaenda kwa chama cha wagonjwa wa Parkinson. Kwa pesa hizo Terry-Thomas aliweza kuhamia makao ya wazee ya Busbridge Hall, Surrey, akalala kwenye kitanda kizuri, akauguzwa kwa heshima.

Alikaa humo miezi tu. Tarehe 8 Januari 1990 alifariki, umri wake miaka 78. Kwenye mazishi yake ulipigwa wimbo wa ile filamu ya ndege.

Msomaji, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wenzake walimfaa. Lakini hesabu miaka. Tangu kuambiwa ana ugonjwa mpaka siku ya tamasha ni miaka 18. Tangu kuutangaza hadharani ni miaka 12. Na hiyo ni Uingereza, nchi yenye hospitali za umma za bure na mfuko wa waigizaji wazee ulioanza tangu mwaka 1882. Ikiwa huko mtu mkubwa kiasi hicho aliweza kuteleza mpaka akafika pale, huku kwetu je?

Sote tunajua huku kwetu inavyokwenda. Mwimbaji wa taarabu aliyewaimbia harusi za mji mzima anaugua miaka, na siku ya kwanza watu kusikia ni pale linapozunguka tangazo la mchango kwenye simu, pamoja na nambari ya kutuma pesa na picha yake akiwa kitandani. Mpiga udi, mwigizaji wa redio, manju wa ngoma, wote ni hadithi moja. Wengine hata huo mchango hawaupati, tunakutana makaburini tukisema alikuwa mtu mzuri. Na kanda zake bado zinauzwa, nyimbo zake bado zinapigwa matatuni, senti haimfikii.

Sisi si watu tusiojua hisani. Babu zetu waliacha mashamba na nyumba kuwa wakfu, mapato yake yakawatunza mayatima na maskini bila ya mtu kuomba omba. Vipi basi vyama vya wasanii wa Pwani vishindwe kuwa na mfuko mmoja unaochangiwa kila mwezi, hata kwa shilingi mia, ukamlipia mzee bima ya afya kabla hajaanguka? Vipi kaunti zetu zitumie mamilioni kwa matamasha ya utamaduni na zisiwe na orodha ya wazee walioujenga huo utamaduni? Msanii naye asijisahau. Terry-Thomas alipata pesa nyingi na hazikumvusha. Anayepata kidogo ana haja zaidi ya kuweka.

Na la ugonjwa tuliseme wazi. Mzee akianza kutetemeka mkono, akitembea kwa kuburura miguu, uso ukimganda, tusikimbilie kusema kachezewa au ana jini. Dua tumwombee, kisomo tumsomee, hakuna anayekataza. Lakini pia apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kwani kila mwezi unaopita ni mwezi ambao angeweza kuuishi kwa nafuu.

Kama mtaani kwako yuko mzee aliyewahi kukuchekesha au kukuimbia, usingoje kuona picha yake kwenye simu. Ijumaa hii ukitoka msikitini, mpitie umpigie hodi.